Chesi ya kompyuta: saa ni sawa kwa wote, mashine je?

Wiki iliyopita mimi na binamu yangu tulishindanisha Stockfish, ile programu ya kucheza chesi, na Stockfish, toleo lilelile, dakika tano kila upande, yake kwenye kompyuta yake ya gemu yenye kore 16 (yaani sehemu 16 za prosesa zinazofikiri kwa pamoja), yangu kwenye laptopu ya kore 2 ambayo feni ikianza kulia ndo unajua sasa inafikiri. Mechi kumi, nikapata sare tatu, zingine zote nimepigwa. Kilichoniuma ni ile namba ya kina pale kwenye skrini, yaani inatazama hatua ngapi mbele, yake imeshafika 34 yangu bado inahangaika na 25, na ni programu ileile jamani!

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma habari za ubingwa wa dunia wa chesi za kompyuta, ule ulioanza Stockholm 1974 ukaisha 2024, kumbe ugomvi huu ni wa siku nyingi. Kila timu ilikuwa inakuja na mashine yake. 1983 na 1986 programu ya Cray Blitz ilibeba kombe ikiwa kwenye makompyuta ya Cray ambayo mtu wa kawaida hata kuyaona haoni. 2008 Beijing, programu ya Rybka ikaja na kompyuta zilizounganishwa, kore 40, ikachukua. Mwaka uliofuata kule Pamplona waandaaji, ICGA (chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta), wakasema mwisho kore 8, watu wakalalamika kweli, basi 2010 Kanazawa wakaondoa kikomo ila wakaweka kombe la pili ambalo wote wanatumia mashine za aina moja. Kombe kubwa Rybka tena, la pili likaenda kwa programu nyingine, Shredder. (Rybka ilikuja kunyang'anywa mataji 2011, ila ile ilikuwa kesi ya kunakili msimbo wa programu za wengine, sio mashine.)

Mi naona Kanazawa walipatia kuliko Pamplona. Maana kuzifanya kompyuta nyingi zifikirie mchezo mmoja bila kugongana ni kazi ngumu ya programu, ukiweka kikomo cha kore unamnyima aliyeiweza. Lakini ukiacha wazi peke yake, yule anayeandika injini (programu ya chesi) chumbani kwake usiku hana pa kuonekana. Kwahiyo vikombe viwili, basi. Najua kuna wanaotaja Hong Kong 1995, programu ya Fritz kwenye kompyuta ya kawaida, Pentium ya megahezi 90, ikaifunga mashine ya IBM, ile ya majaribio ya Deep Blue, na mechi ile naipenda sana, ila ni mechi moja tu, huwezi kutungia sheria.

Sasa hivi hata "mashine moja kwa wote" imekuwa ngumu. Lc0, injini nyingine, inataka GPU (chipu ya kadi ya picha), Stockfish inataka prosesa ya kawaida, utazilinganisha vipi? 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind ya Google, ilishinda 28 sare 72 dhidi ya Stockfish, yenyewe ikiwa na TPU 4 (chipu za Google za akili bandia), Stockfish imepewa nyuzi 64, yaani kazi 64 kwa wakati mmoja, lakini memori ya hashi, ile ya kukumbuka ilichokwisha kuchambua, GB 1 tu, na waliolalamika walikuwa na haki kabisa, GB 1 kwa nyuzi 64 inajaa mara moja.

Mi ningepima umeme. Kila upande uniti sawa kama za LUKU, ziende prosesa au GPU shauri yako. Mwenye mashine ya zamani ataumia kidogo hapo, hilo nalikubali, ila angalau ni kipimo ambacho wote tunakielewa.

Binamu amekubali turudie Jumamosi, kore 2 kwa 2, na hashi tumeshaandikiana kabisa, MB 512 kila mmoja.