Nilivyochagua bolti za pampu ya maji kwenye injini ya aluminiamu

Gari linalolala Raskazone, hapa Tanga, karibu na bahari, hupigwa na chumvi usiku kucha. Kwa hiyo pampu ya maji ya Probox yangu ilipoanza kuvuja, sikuihofia pampu. Hiyo inanunuliwa, inafungwa. Hofu yangu ilikuwa kwenye bolti zake, maana injini yake, 1NZ-FE, ina bloku (mwili mkuu wa injini) ya aluminiamu, na bolti ya chuma iliyokaa humo miaka mingi kwa hewa ya Tanga haitoki kirahisi.

Nilizifungua injini ikiwa na uvuguvugu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, tundu linalegea kidogo, na hicho kidogo ndicho unachokitaka. Nazungusha robo, narudisha, nazungusha tena. Kwenye kipande cha boksi nilikuwa nimechora umbo la pampu na kutoboa matundu, kila bolti nikaichomeka palepale ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu.

Moja ya upande wa chini ilitoka na unga mweupe umegandamana kwenye meno. Nilipoisugua kwa brashi ya waya, nikaona shina limeliwa katikati hadi limekuwa jembamba kuliko ncha. Bolti ya namna hiyo hairudi kwenye injini, hata kama bado inakaza.

Nikaenda Ngamiani kwenye maduka ya spea. Muuzaji akanitolea zinazong'aa. "Shehe, chukua stenlesi, hizi hazijui kutu."

"Zenyewe hazitaliwa, kaka," nikamwambia. "Itakayoliwa ni bloku."

Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, iliyo dhaifu mbele ya kutu kati yao ndiyo huliwa. Kati ya stenlesi na aluminiamu, dhaifu ni aluminiamu, na bloku huliwa kuanzia kwenye meno ya tundu, mahali usipopaona. Chuma kilichopakwa zinki kwa tabia hiyo kiko karibu zaidi na aluminiamu, na zinki hutangulia kuliwa. Bolti hiyo ikioza nitanunua nyingine. Bloku sitaki kuinunua.

Akanionyesha pia zilizoandikwa 10.9 kichwani, akisifu ugumu wake. Namba ya kwanza, iliyo kabla ya nukta, ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali, kipimo cha mkazo: 8.8 ni 800, 10.9 ni 1,000. Lakini kwenye aluminiamu kinachotangulia kushindwa mara nyingi ni meno ya tundu, na bolti ngumu zaidi haiyasaidii. Nilichukua 8.8 za zinki, zenye kichwa cha ukingo mpana, ili mgandamizo usambae na kichwa kisizame kwenye pampu.

Vipimo nilivichukua kwa vania, kifaa cha kupimia unene na urefu. Unene milimita 6, hatua ya jino (umbali wa jino hadi jino) milimita 1, kichwa spana namba 10. Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, kichwa hakihesabiwi. Kisha nikapima kina cha tundu kwa waya mwembamba. Bolti fupi inashika meno machache. Kwenye aluminiamu mimi nataka ishike angalau mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 9 kwa hii, na nikipata 12 nafurahi. Ndefu mno nayo inagota chini ya tundu: mkono unasikia imekaza, kumbe pampu haijabanwa, na maji yanaendelea kutoka.

Hapa kwetu wengi huponzwa na bolti za unene wa milimita 10. Za Toyota mara nyingi zina hatua ya 1.25, za kawaida za dukani ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inakataa, mwenye haraka anailazimisha kwa spana, na meno ya bloku yanakwisha. Mimi kila bolti naiingiza kwa vidole mpaka mwisho kabla ya kushika spana. Ikikataa vidole, hiyo si yake.

Matundu niliyasafisha kwa bolti ya zamani niliyoichana mfereji kwa msumeno wa chuma ubavuni, kutoka ncha kwenda juu. Uchafu unaingia kwenye mfereji huo na kutoka nao. Baada ya hapo nikapuliza hewa, kwa sababu mafuta au maji yakibaki kwenye tundu lisilotokeza upande wa pili, bolti huyasukuma kwa nguvu inayoweza kupasua bloku.

Nilikaza kwa msalaba, bolti moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, nikamalizia na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye nyutoni mita 11. Hiyo ni nguvu ndogo sana, inatosha spana fupi na kifundo cha mkono. Meno niliyaacha makavu, maana yakiwa na grisi kipimo kilekile hukaza zaidi ya kilichokusudiwa.

Rejeta sikuirudishia maji ya bomba. Nilitia kuleanti, ambayo ina dawa ya kuzuia kutu kwa ndani, nikawasha injini hadi feni ikazunguka, nikaiacha ipoe kabisa. Asubuhi nilipitisha karatasi kavu kuzunguka pampu, ikatoka kavu.