Nilivyokula sapu ya takwimu mpaka nikaielewa

Mi nilikula sapu ya takwimu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani, na wala sikuwa peke yangu, darasani wengi hatukuipenda, tunasema tumekuja kusomea udaktari sio hesabu, so tunakariri tu, pi-valyu, ile namba ya kuamulia kama tofauti ni ya kubahatisha tu, ikiwa chini ya 0.05 andika kuna tofauti, ikizidi andika hakuna, basi. Wengine wakifika kwenye utafiti wa kumalizia wanamlipa mtu awachakatie data, siku ya kupresenti lekchara anauliza swali moja tu jasho linawatoka.

Likizo ikanikuta Kirumba, Mwanza, kwa dada yangu, anauza dagaa pale mwaloni, napiga msuli wa sapu. Nikakutana na utafiti uliofanyika hukuhuku vijijini mkoa wa Mwanza, ulitoka 1995 kwenye jarida la Lancet. Walichukua jamii 12, sita wakaziboreshea matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, sita zikasubiri kwanza. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.2% kwa waliopata huduma na 1.9% kwa wenzao. Halafu wanakwambia yamepungua kwa 42%!

Nikasema hapa napigwa, 1.9 toa 1.2 si 0.7 tu? Nikageuza ile asilimia iwe watu. Kwenye watu 1000, huku wameambukizwa 19, kule 12, wamenusurika saba. Saba kwa 19 ni kama 37%, wao wakasawazisha tofauti nyingine za hizo jamii ikafika 42. Kumbe namba zote mbili ni za kweli, ila ukimtajia mtu hiyo 42 peke yake ataona wamenusurika karibu nusu ya kijiji. Na wenyewe hawakujifanya wana uhakika, wameandika inaweza kuwa 21% mpaka 58%, ndo ile konfidensi intavo niliyokuwa naikariri kama shairi bila kujua inaongelea nini.

Jioni nikamsimulia dada anachambua dagaa zake, akanisikiliza weee, akauliza, "Sasa mdogo wangu, hao saba wenyewe wanajijua?"

Nikamwambia hapana dada, hata daktari hawezi kumwonyesha mmoja wao.

"Mh," akaendelea na dagaa.

Sapu nilipita, C, maana chuoni kwetu sapu hata ukipata mia ni C.