Karatasi ya mahudhurio

Jamani yule mwalimu wa Likoni hajanitoka kichwani. Wiki hii Zuhura kaposwa na mkataba wangu wa kufunza walimu umeongezwa, hayo ntawaeleza siku nyengine, leo niacheni na huyu mama.

Nlikuwa nimetoka kuwaeleza walimu kwenye semina ya kompyuta ule utafiti wa Marekani wa 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, vile programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea mpaka asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi 0.8, watu wapiga picha slaidi, mie kichwa kimenivimba. Mama kainua mkono, ameshika karatasi ya mahudhurio, ile ya jina, kitambulisho, simu, nambari ya TSC, ile tume ya walimu, na sahihi, imezunguka tangu asubuhi pamoja na sahani ya mahamri.

"Hayo ya Marekani nimekufahamu mwanangu. Sasa hii yaenda wapi?"

"Ni ya wenye semina, mwalimu, ya kulipia nauli."

"Nauli twalipwa leo. Kesho karatasi itakuwa wapi?"

Ukumbi mzima kicheko. Yeye wala hakucheka, aliipindua maandishi yakaenda chini, akaiwekea kopo la sukari juu, akakaa.

Wallahi nlikasirika. Naosha vyombo namjibu, niko kwa matatu namjibu, mbona asingoje mchana, sheria yetu ya Kenya ya kulinda data za watu, ya 2019, ilikuwa kwa slaidi za mchana! Na ile shule ya Nairobi iliyotozwa faini ya shilingi milioni 4.55 mwaka 2023 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, nlipoifikia ukumbi ulinyamaza kimya, kila mtu awaza status yake ya WhatsApp.

Sasa jana usiku kanitumia voice. Ati aliingia darasani akauliza tu, nani ana nambari ya simu ya mama yako? Watoto wakaanza: duka la M-Pesa, madrasa, kliniki, daftari la soja wa getini, na mmoja akasema watu wa mkopo wa simu, hao walimpigia mpaka mjomba. "Kengele yalia mwanangu na ubao umejaa." Nlicheka peke yangu jikoni. Sisi fomu foo athari za kompyuta zilikuwa orodha ya faida na hasara, wakariri, waandika, wasahau, na mafunzo mengi ya walimu mpaka leo ndo hayo hayo, kibodi siku nzima halafu jamii dakika za mwisho watu washabeba mikoba. Semina ijayo naanza na karatasi, Marekani itangoja mchana, na wenye semina nshawaambia watafute jibu la swali la mama kabla hatujaonana.

Ila mfereji tangu juzi haujatoa tone, tangi lalia debe tupu, na wageni wa kina Zuhura waja Jumapili.