Siku yangu kwenye visima vya mchanga, Amudat

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa pili hapa Amudat, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hakuna anayengoja jua litoke. Mifugo ikichelewa kuondoka itatembea kwenye joto, na mwili utajipoza kwa kutumia maji yale yale unayoyafuata. Nanywa chai ya rangi, nafunga mkoba wa dawa za mifugo nyuma ya pikipiki, naondoka.

Saa 1 asubuhi. Mto Kanyangareng. Asiyeujua angedhani ni barabara ya mchanga tu. Maji yako chini. Vijana wamechimba mpaka kisima kinammeza mtu mzima. Mmoja yuko shimoni anateka, wenzake wanapokezana madumu na kumimina kwenye hori. Ng'ombe wa kienyeji kwenye joto hili anataka kama lita 30 kwa siku, na anayekamuliwa anataka zaidi. Kundi la ng'ombe 50 ni madumu 75 ya lita 20, yote kwa mikono, na bado mbuzi hawajafika. Ndiyo maana wengi hunywesha leo, kesho wakapumzisha. Wakubwa wa mjini huita hilo uzembe. Nawakaribisha washuke shimoni nusu saa tu. Ngamia nao wamesimama pembeni wanatutazama kama matajiri kwenye foleni ya posho.

Saa 3. Mama mmoja ananiita nimwone ng'ombe wake. "Daktari, huyu maziwa yamekatika. Nimeshampa dawa ya minyoo." Navuta ngozi ya shingo, inachelewa kurudi. Macho yameingia ndani. Kinyesi kigumu, kinatoka vipande vipande. Homa hana. Namuuliza alikunywa lini. Juzi.

"Basi mama, ana kiu."

Haniamini, anataka nimpige ng'ombe sindano ya OTC, yaani antibiotiki ya oxytetracycline. Nakataa. Dawa ile hutolewa na figo, na kwa mnyama aliyekaukiwa inaweza kuziumiza. Namweleza kuwa maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 87, na nyasi kavu tumboni bila maji hazichachuki. Ng'ombe anaacha kula, halafu watu wanasema amelogwa au ana minyoo. Nusu ya "magonjwa" ninayoitiwa kiangazi ni haya, nami silipwi kwa kusema "mpe maji". Mama anacheka. "Sasa wewe mkoba umebeba wa nini?"

Saa 5 hadi saa 7. Kupe, jipu, kwato. Hakuna la kusimulia.

Saa 8 mchana. Hapa ndipo siku ilipoharibika. Kijana anakuja mbio: ndama wake wanakojoa damu. Wazee wawili wameshataja homa ya kupe, nami nusura niwaunge mkono, maana mkojo mwekundu na kupe huku ni ndugu. Lakini ndama watatu kwa mpigo, saa chache tu baada ya kunywa? Kumbe walifungiwa bomani siku mbili bila maji, leo wakaachiwa hori limejaa, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Maji mengi kwa ghafla huifanya damu kuwa nyepesi mno. Chembe nyekundu zinavimba, zinapasuka, rangi yake inatokea kwenye mkojo. Ubongo nao ukivimba, ndama anayumba na anaweza kufa. Tunawaondoa horini, tunawaweka kivulini, tunawapa chumvi kidogo. Wawili wanasimama vizuri kabla sijaondoka. Wa tatu bado anatetemeka, na kijana nimemwambia wazi kuwa simuahidi kitu.

Saa 11 jioni. Chini ya mti na wazee. Naomba jambo moja: ndama na wanaokamuliwa wanywe kila siku, hata kama ni kidogo, na waliokaa na kiu wapewe maji kwa awamu. Madume wavumilie. Mzee mmoja anauliza kwa nini tusihamie Kobebe, kule Moroto, kwenye bwawa ambalo Waturkana wa Kenya huvuka mpaka kulifuata. Mwingine anamjibu: kila kundi likifika pale linakuja na homa yake ya mapafu, tena kuna mambo ya bunduki. Wanabishana muda mrefu, mimi nasikiliza.

Mwishowe wanakubaliana juu ya ndama. Juu ya Kobebe, watu wawili wataenda kwanza kuangalia nyasi, nami nimeombwa chanjo ya homa ya mapafu kabla kundi halijasogea. Kesho asubuhi nitapiga simu ofisi ya mifugo ya wilaya kuulizia kama ipo.