Huyu kanisindikiza tu

Jamani nipo. Wiki hii imenipeleka puta, uhamisho wangu wa Arusha umetoka na send-off ya Doreen imepita salama, lakini kinachoninyima usingizi si uhamisho wala send-off, ni maneno ya Baba ya Jumanne pale korido ya x-ray.

Wale mliosoma ile post ya Baba kuingizwa kamera ya kuangalia utumbo mnakumbuka kamera iliishia njiani, utumbo wa Mzee una kona kali ikagoma kupita, ndo daktari akaandika apigwe picha ya bariamu. Yaani unawekewa dawa nyeupe kwa nyuma kwa mpira, inajaa utumbo mkubwa wote, halafu unapigwa x-ray. Bila dawa utumbo hausomeki vizuri, ila bariamu mionzi haipenyi, kwa hiyo kila ilipofika panatokea peupe na kona zote unaziona. Kisha wanapuliza hewa, utumbo unatanuka na dawa inabaki imepaka ukutani tu, hapo hata kinyama kidogo kikiota kinaonekana. Haya yote nilielezwa na kijana wa x-ray, mpole kweli, kabla mambo hayajaharibika.

Maandalizi nilifanya mimi. Nilimtoa Kibosho nikamleta hapa kwangu kwa ajili ya choo cha ndani, hakuna mtori, hakuna maziwa, hakuna maharage wala mboga, ni chai ya rangi, supu iliyochujwa na maji ya glukosi. Akaniuliza kama mbege nayo si ya kunywa, mbona daktari hakuiandika. Nikamwambia Baba, mbege ina ulezi. "Mimi naiona maji tu." Usiku vidonge vya kuharisha vikaanza kazi na bomba nalo likachagua usiku huo huo kukauka, kwa hiyo nilikuwa nabeba ndoo kutoka kwenye pipa la nje mpaka jogoo. Sisemi ili mnisifie. (Sawa, kidogo.)

Sasa asubuhi. Kavalishwa lile gauni lao la kufungia nyuma, mkono mmoja kashika kofia yake aliyokataa kuiacha, mwingine uko mgongoni umebana gauni lisiachie, na mimi nimesimama pembeni na suruali yake mkononi, mkanda nimeuviringisha, rozari nimeitia mfukoni. Kijana akatoka.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba."
"Huyu ni mwanao?"

Baba akaniangalia. Akaniangalia kabisa, kilemba mpaka viatu.

"Huyu kanisindikiza tu."
"Kuna ndugu yeyote hapa?"
"Ndugu yupo Arusha, anaitwa Deo."

Deo! Deo huyu huyu aliyetuma meseji saa nane mchana, "vp mzee kashamaliza?"

Mlango ukafungwa nikabaki na suruali ya mtu ambaye nimemsindikiza tu. Tangu siku hiyo nairudia kwenye daladala, kazini, nikiwa nachambua mchele. Wakati mwingine najibu, nasema kwa sauti mimi ni binti yake wa kwanza kaka, andika hapo. Wakati mwingine nampa suruali yule kijana naondoka zangu. Na kuna kale kamuda kabla hajajibu, je alisita? Juzi niliamua alisita. Leo asubuhi naona hakusita hata kidogo.

Nikampigia Shangazi nikitegemea atakuwa upande wangu. "Ulitaka aseme binti yangu ili uitwe ndani umshike miguu?" Maana mle ndani hawalali tu, wanageuzwa ubavu wa kushoto, wa kulia, kifudifudi, kitanda chenyewe kinainamishwa, mpira uko pale pale na mtu anaambiwa zuia pumzi, usiachie. Ile ya kamera alichomwa sindano ya usingizi hakujua nani yupo nani hayupo, hii uko macho unayaona yote. Shangazi anasema baba wa Kichaga bora afe kuliko hayo mbele ya mtoto wa kike. Sawa Shangazi. Lakini si angesema "ni binti yangu, abaki nje"? Ingemgharimu nini?

Majibu ni mazuri lakini, hakuna uvimbe, ni vifuko vidogo vidogo kwenye ukuta wa utumbo, ale mboga na anywe maji.

Usiku ule sasa. Nipo jikoni nasikia "Mama! We mama!" kutoka chooni, nikakimbia na mwiko mkononi nikijua kaanguka.

"Njoo uone."
"Nini Baba, damu?"
"Si damu. Cheupe. Cheupe kama chokaa."

Nilicheka nikaegemea mlango. Nikamweleza ndo ile dawa, haiingii mwilini, inatoka ilivyoingia, siku mbili tatu hivi itakuwa nyeupe, cha muhimu anywe maji mengi isije ikamkaukia humo ikamfunga choo.

"Sasa ingia uangalie kama ndo yenyewe."
"Baba siingii."
"Sasa nimwoneshe nani?"
"Mwoneshe Deo."

Kimya. Nikasikia anahangaika na ndoo.

"Deo si yupo Arusha."

Nilicheka mpaka Nancy akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Na alipomaliza kunawa akaja sebuleni akanywa maji glasi mbili mbele yangu bila kulazimishwa, akaniangalia kama nimeona. Sasa karudi Kibosho, ananipigia asubuhi kabla sijaamka vizuri, hata salamu hakuna, "bado cheupe", jana "kimeanza kurudi", na kila akikata anasema Deo asijue. Mimi tu. Sijui nifurahi au nimkumbushe kwamba nilimsindikiza tu, bado nafikiria.

Halafu Nancy kaja na barua ya safari ya shule, wanaenda Ngorongoro, hela mwisho Ijumaa na kila mtoto avae tracksuit ya bluu, na tracksuit yake ndo nimekumbuka ilibaki Kibosho tangu likizo, na bodaboda wa kule tangu jana hapokei simu.