Margaret Rutherford na wahusika waliopewa nafasi ndogo

Jioni zangu za hivi karibuni nimezitumia kutazama upya filamu za Margaret Rutherford, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1972, na kila ninapozimaliza hubaki na swali lile lile. Ilikuwaje mtu aliyepewa karibu kila mara nafasi ya pembeni, ya shangazi, ya yaya, ya mwalimu mkuu, awe ndiye ninayemkumbuka, huku waliobeba kisa chenyewe nikisahau hata majina yao?

Kwa vipimo vya kazi yake, aliingia akiwa amechelewa mno. Alilelewa na shangazi yake huko Wimbledon, akafundisha piano na ufasaha wa kusema, na ni urithi mdogo alioachiwa na shangazi huyo uliomwezesha kuiacha kazi ya kufundisha. Mwaka 1925 alijiunga na Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London, kama mwanafunzi, akiwa na umri wa miaka 33. Uso wake, wenye kidevu kilichoporomoka na macho makubwa yaliyojaa mshangao, haukumruhusu kuwa Juliet, yule msichana mpendwa wa Shakespeare, na nadhani hilo lilimwokoa, kwa sababu mwigizaji aliyeanza kwa urembo huuona kila mwaka ukimpunguzia kazi, ilhali yeye kila mwaka ulimwongezea. Hata hivyo alisubiri sana: jukwaa la West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo za London, alilipanda mwaka 1933, filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1936, na sifa za kweli zilimfikia mwaka 1938 kwa tamthilia ya *Spring Meeting*, akiwa na umri wa miaka 46.

Sisi tuliosoma fasihi shuleni tulifundishwa kuwagawa wahusika katika bapa, wa sifa moja isiyobadilika, na duara, wenye undani na wanaobadilika, na tukaaminishwa kwamba mhusika bapa ni kasoro ya mwandishi. Rutherford alipewa wahusika bapa maisha yake yote. Sioni kama aliwageuza kuwa duara kwa kuwabunia siri au machozi ambayo mwandishi hakuyaandika. Aliwaacha na ubapa wao, akawaamini kabisa.

Mfano ninaoupenda ni Miss Prism katika *The Importance of Being Earnest* ya Oscar Wilde, nafasi aliyoicheza katika onyesho la John Gielgud pale Globe Theatre mwaka 1939, kisha katika filamu ya Anthony Asquith ya mwaka 1952. Miss Prism ni yaya ambaye miaka 28 iliyopita alichanganya mambo, akaiweka hati ya riwaya yake ndani ya kigari cha mtoto na mtoto mwenyewe akamtia ndani ya mkoba. Mkoba unapoletwa mbele ya watu wote, na hatima ya kijana mzima ikiwa inaning'inia juu yake, yeye anaukagua alama moja baada ya nyingine na kufurahi kwamba mali yake imerudi, maana kuishi bila mkoba huo miaka yote hiyo kumempa usumbufu mkubwa. Mwigizaji mwingine angetukonyeza hapo ili tujue kwamba anajua kuwa kauli hiyo ni ya kipuuzi. Rutherford hakonyezi. Anautazama mkoba kwa upendo wa kweli, na kicheko kinatutoka bila yeye kukiomba.

Madame Arcati, mwanamke anayeita roho za wafu, alizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Tamthilia ya Noël Coward, *Blithe Spirit*, ilifunguliwa London mwaka 1941, katikati ya vita, ikiwa na mizaha kuhusu wafu mbele ya hadhira iliyokuwa ikizika watu wake. Inasimuliwa kwamba Rutherford alisita kuipokea nafasi hiyo kwa sababu aliona kuita roho za wafu si jambo la kuchezewa, na sishangai, kwani kusita huko kunaonekana katika filamu ya David Lean ya mwaka 1945. Arcati wake hukiandaa kikao kama fundi anayepanga vifaa vyake kabla ya kazi. Wenyeji wake ndio wanaodhihaki. Yeye yuko kazini. Na mzimu unapokuja kweli, furaha yake ni ya mtaalamu ambaye hatimaye jaribio lake limefaulu.

Asidhaniwe kwamba alijua vichekesho tu. Mwaka 1940 alikuwa Bi Danvers, mtumishi wa kutisha, katika tamthilia ya *Rebecca*, hadi bomu lilipoliharibu jengo la Queen's Theatre na onyesho likakatizwa. Mwaka 1947 alivuka bahari na kuwa Lady Bracknell, bibi mkali anayemhoji Miss Prism kuhusu mtoto aliyepotea, huko New York, katika tamthilia ile ile aliyokuwa ameichezea Miss Prism; yaani mtuhumiwa na hakimu wake wote walipita kifuani mwake.

Ni hatari kueleza sanaa ya mtu kwa misiba yake, na kwa kawaida nawakwepa waandishi wanaofanya hivyo. Lakini baba yake Margaret alikuwa amemuua babu yake Margaret, yaani baba yake mwenyewe, kabla Margaret hajazaliwa, akafungiwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, na mama yake alijiua Margaret akiwa bado mtoto. Aliishi na hofu ya kurukwa na akili. Nikilijua hilo, siwezi tena kuona ni bahati tu kwamba hakumcheka hata mmoja kati ya wanawake wa ajabu aliowaigiza.

Filamu nne za Miss Marple, bibi mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Agatha Christie, zilizotoka kati ya mwaka 1961 na 1964, ndizo zilizomfanya ajulikane duniani, nami nakiri kwamba ndizo ninazozipenda kidogo zaidi. Marple wa Christie ni bibi mwembamba, mtulivu, anayefuma huku akisikiliza. Huyu wa Rutherford hupanda farasi na kupigana kwa upanga. Mbili kati ya filamu hizo zilitokana na riwaya za Hercule Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, jambo linaloonyesha jinsi watengenezaji walivyokuwa wakimtafutia tu mahali pa kumweka. Christie hakuzipenda filamu, ila alimpenda mwigizaji, hata akamtabarukia kitabu mwaka 1962. Kinachoniburudisha humo ni Stringer Davis, mume wake, ambaye alipewa nafasi ya mkutubi mwoga iliyobuniwa kwa ajili yake, ili wawili hao wafanye kazi pamoja.

Oscar aliipata kwa *The V.I.P.s* ya mwaka 1963, filamu ambayo bila yeye ningeisahau kabisa. Mimi ningempa kwa dakika chache za *Chimes at Midnight* ya Orson Welles, ya mwaka 1965, ambamo yeye ni Bi Quickly, mwenye nyumba ya pombe, anayesimulia jinsi Falstaff, mzee mnene mpenda ulevi wa Shakespeare, alivyokufa: alivyoingiza mkono chini ya shuka, akagusa miguu ya mzee huyo, akaikuta baridi kama jiwe. Anasimulia kwa uzito ule ule aliokuwa nao Miss Prism alipoukagua mkoba, bila kubadilisha chochote, na safari hii hakuna anayecheka. Anayetaka kumjua Rutherford asianze na Marple. Aanze na *The Happiest Days of Your Life* ya mwaka 1950, ambamo yeye na Alastair Sim ni walimu wakuu waliolazimika kugawana shule moja, kisha, hata kama ni usiku uo huo, atazame dakika hizo za Bi Quickly.