Kigari cha magurudumu matatu

Januari wifi yangu alinitumia video kutoka Zermatt, Uswisi. Mwanawe, anayempita binti yangu Masika miezi miwili tu, kakalishwa kwenye kigari cha mbao kisicho na gurudumu hata moja, kamba mbele, baba anaburuta juu ya theluji. Mtoto kafunikwa mpaka puani, yamebaki macho. Nyuma yao mlima umechongoka kama jino la mbwa. Niliitazama mara nne. Mara ya tano nikamwambia mume wangu, "Kwenu nako si kuna theluji? Twende."

"Kuna theluji kama kwenu Tanga kulivyo na nyangumi," akajibu. "Wapo. Wewe umewaona wangapi?"

Kwao ni Kilembe, juu kidogo ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye bonde linaloingia tumboni mwa milima ya Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Ule wa kwenye video, Matterhorn, una mita 4,478. Nikamwandikia wifi kumwarifu kwamba mlima wa nyumbani kwao ni mrefu kuliko huo aliokwenda kuulipia. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu yake kicheko.

Nusu iliyobaki ilikuwa malalamiko. Mimi nilidhani shida ya kule ni baridi. Kumbe baridi unaivalia nguo ikaisha. Shida ni kutoka hapa kwenda pale. Zermatt magari ya kawaida hayaingii: unaacha lako kijiji cha Täsch, unamalizia kwa treni, mtoto mkono mmoja, mabegi mkono wa pili, pampasi za wiki nzima kwapani. Kigari cha magurudumu kwenye theluji mbichi hakiendi, kinazama, unakisukuma kama mtu anayelima. Ukishavaa viatu vya ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, vigumu kama ndoo, ngazi tatu tu zinakutoa jasho, sembuse na mtoto. Kwa hiyo wanapokezana: baba anateleza asubuhi mama akibaki na mtoto, mchana wanabadilishana, na jioni wote wawili wamechoka ila kila mmoja kivyake. Kuna treni inayopanda ndani ya handaki hadi Sunnegga, mita 2,288, na huko wadogo wana mkanda unaotambaa wenyewe kupanda kilima, wanasimama juu yake kama masanduku ya uwanja wa ndege. Kituo cha juu kabisa cha magari ya kamba, mita 3,883, hakuthubutu kumpeleka. Mtoto wa miaka miwili kichwa kikimuuma kwa sababu ya hewa nyembamba hawezi kukwambia. Atalia tu, nawe utamletea uji.

Hapo nikajua Margherita tutaiangalia kutoka chini. Wapandaji wazima, wenye miguu na akili zao, huchukua kama wiki kwenda na kurudi. Mimi nilitaka tu Masika aone weupe, siku moja aje aseme aliuona.

Wifi, kwa wema wake, akatuletea zawadi kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anakuja Kampala: kigari cha mtoto cha magurudumu matatu, meusi, makubwa, na mikanda mitano ya kumfunga aliyekaa. "Hiki ni cha milimani," alisema kwenye sauti. "Kinapita popote." Naomba msomaji aliweke neno *popote* pembeni, tutalirudia.

Tuliondoka mwisho wa Juni, mvua zikiwa zimepungua. Ukataji tiketi ulikuwa rahisi kwa Masika, ambaye alisafiri bure mapajani mwangu, na mgumu kwa kigari, ambacho kondakta alikiangalia kwa muda mrefu kisha akakitoza shilingi elfu kumi. "Hii ni pikipiki," alisema. Kikalala buti kati ya gunia la vitunguu na kreti la vifaranga. Njia ya Mubende na Fort Portal ni ndefu kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka miwili haina jina. Saa ya kwanza aliimba. Saa ya pili alivua viatu. Mubende, wauza mchomo na gonja, zile ndizi za kuchoma, walipojaa madirishani, alinyoosha mkono akachukua kijiti cha nyama kutoka kwa muuzaji kana kwamba waliahidiana, nikalipa. Toka Kyenjojo alilala, mashamba ya chai yakapita pande zote mbili, mazuri ajabu, nikiwa siwezi kugeuza shingo maana kichwa chake kilikuwa begani na mguu wangu wa kushoto ulishakufa zamani.

Kilembe tulifika jioni. Baba mkwe alikuwa kibarazani.

"Shikamoo Baba."

"Eeh, Tanga imefika," akasema, na hakuitikia marahaba. Hajawahi kuitikia, humfurahisha tu kuisikia. Alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba mpaka uzalishaji ulipokoma miaka ya 1980 ikianza, na Kiswahili chake ni cha huko chini ya ardhi, walikochanganyika watu wa kila kabila. Ni Kiswahili kisicho na mapambo. Akamnyanyua Masika akampima kama mtu anayepima mbuzi. "Huyu iko na uzito. Nani alibeba?"

Jina Masika lina ugomvi wake mdogo. Wakonzo huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na Masika ni msichana wa kwanza. Bibi yake wa Tanga, kwa upande wake, ameamini tangu siku ya kwanza kwamba mjukuu kaitwa kwa sababu ya mvua. Hatujamsahihisha.

Asubuhi tukatoa kigari. Nilikifungua uani, majirani wakaja, watoto wakabonyeza magurudumu. Nikamketisha Masika, nikafunga mikanda yote mitano, tukaanza safari ya kwenda kwa shangazi wa mume wangu, ng'ambo ya pili ya bonde. Umbali, kwa macho, ni wa kurusha jiwe mara tatu. Hatua ishirini za kwanza zilikuwa tamu. Halafu njia ikafanya kama zifanyavyo njia za Kilembe: ikawa ngazi, si za saruji, za udongo na mizizi, kila moja na kimo chake. Baada ya ngazi, mfereji. Baada ya mfereji, mteremko wa mawe ya mviringo ambayo gurudumu la mbele liliyakumbatia moja baada ya jingine likakataa kuyaachia. Mume wangu akashika mbele, mimi nyuma, tukakibeba kigari na mtoto ndani yake kama machela. Masika alifurahi mno. Alikuwa akipunga mkono.

Mama mkwe alikuwa nyuma yetu, na karai la mihogo kichwani, kimya. Tulipotua mara ya nne akatua na yeye.

"Mama Masika. Mtoto anaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kwa nini mnabeba kitanda?"

Akafungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya gauni. Nimelelewa pwani na mbeleko naijua, mama yangu ametubeba sote, lakini Kampala mtoto wangu nimembebea mbele, kwenye kile kifuko cha vifungo, na sikuwa nimemwona mtu akifanya jambo hili karibu kiasi kile. Aliinama mpaka mgongo ukawa meza. Akamvuta Masika kwa mkono mmoja, akamlaza tumbo kwa mgongo, na Masika, ambaye kwangu hupigana hata akivishwa soksi, akatulia akatandaza miguu kiunoni mwa bibi yake kama aliyekumbuka kitu. Kitenge kikapita juu, kikashuka chini ya makalio, ncha mbili zikaja mbele juu ya matiti, zikasokotwa mara mbili, moja ikachomekwa ndani. Hakuna fundo. Mama mkwe akajitikisa kidogo, kama unavyotikisa gunia ili mchele ukae, akasimama wima, akapokea karai lake, akatangulia. Ana miaka sitini na nne. Tulimkuta kwa shangazi akinywa chai.

Wafungaji wa mikanda mitano tulifika baadaye na kigari kitupu, tukipokezana kama wifi na mumewe kule Zermatt.

Nimelifikiria hili siku kadhaa. Sisemi mambo ya zamani yote ni bora. Mgongo wa mama mkwe unauma usiku, nimemsikia akiguna, na dawa ya kuchua ipo kando ya kitanda chake. Angezaliwa penye treni ya handaki angeipanda bila kuuliza. Ila kule wameitengeneza njia ili mtoto apite, wamechimba mlima na kutandika mkanda, na hapa njia imebaki ilivyo, kwa hiyo anayetengenezwa ni mbebaji. Kigari changu hakikuwa kibovu. Kilitengenezewa barabara ambayo hakikuja nayo.

Siku zilizofuata tulikwenda kwa mwendo wa Masika, ambao si mwendo. Anatembea hatua saba, anachuchumaa. Jiwe. Anaokota, anampa baba yake, anamnyang'anya. Ng'ambo ya daraja anaona kuku, tunarudi daraja. Kando ya mto Nyamwamba yamelala mawe makubwa kuliko teksi ya abiria kumi na nne, ambayo mto uliyashusha wenyewe katika mafuriko ya Mei 2013, na tena Mei 2020. Maji yalibomoa nyumba na kuingia hospitalini. Baba mkwe alinionyesha mahali palipokuwa na miembe yake, sasa ni kokoto tupu. Masika alitupa vijiwe mtoni saa nzima. Mto siku hiyo ulikuwa wa magotini, unang'aa, mpole kama maji ya kuoshea mchele. Nilimshika fulana kwa nyuma muda wote.

Theluji? Mawingu. Asubuhi mawingu, mchana mawingu, na siku ya tatu mvua ikaja kweli, Juni hiyo hiyo, nikampigia mama yangu Tanga, akasema, "Si nilikwambia, mmemwita wenyewe."

Siku ya nne baba mkwe akaamua kwamba mtu hawezi kuuona uso wa nyumba akiwa amekaa sebuleni. Tukakodi gari tukashuka Kasese, tukaenda kusini uwandani mpaka Kikorongo, kwenye alama ya ikweta, zile duara mbili za saruji zilizosimama kila upande wa barabara. Joto la huko ni la kuokea mkate. Masika alipata kazi mara moja: kuingia ndani ya duara, kutoka, kuingia, kutoka, nusu ya kaskazini kwenda nusu ya kusini na kurudi. Nilimhesabia safari kumi na tisa.

Baba mkwe akanigusa bega. "Ile."

Juu ya mawingu, mahali ambapo mimi nisingetafuta kwa kuwa nilikuwa natafuta chini zaidi, palikuwa na ukanda mdogo mweupe usiosogea. Mawingu yalisogea, wenyewe ukabaki.

"Wingu hilo, Baba."

"Wingu inatembea. Ile iko nzururu."

*Nzururu* ni theluji kwa Kikonzo, na milima ikaitwa Rwenzururu kwa hiyo hiyo. Wazee wanasema Kithasamba, mungu wa milima hiyo, anaishi humo. Baba mkwe alisema alipokuwa mtoto nyeupe ile ilikuwa pana, hukuhitaji kuonyeshwa na mtu. Vipimo vinamuunga mkono: mwaka 1906, Mwitaliano Duke wa Abruzzi alipofika kileleni, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ya kudumu, kufikia 2005 ilibaki mitatu. Hakuyasema hayo kwa huzuni, alisema kama mtu anayesimulia bei ya sukari.

Nikamwita Masika. Nikambeba, nikamgeuza, nikamwelekeza kidole. "Ona, mama, ona kule. Theluji!" Akatazama kidole changu. Akakigusa kucha. Akadai ashushwe, maana duara lilikuwa linamngoja, na nilipoinua macho wingu lilishafunga.

Wifi alipouliza tumeona nini nilimtumia picha ya safari ya kumi na tisa.

Kigari tulikiacha Kilembe. Sikutaka kukilipia elfu kumi nyingine, na mama mkwe hakusema anakitaka, alisema tu, "Kikae, hakina mdomo." Jana shemeji mdogo alinitumia picha kutoka kule. Kigari kiko bombani, kwenye kile kipande cha njia kilichosawazishwa, hatua ishirini zile zile tulizozifurahia. Ndani yake wamekaa madumu mawili ya maji ya lita ishirini, ya manjano, ubavu kwa ubavu, na mikanda yote mitano imefungwa.